Maharagi Mekundu ya Kashamba Kangu

Nikisikia harufu ya maharagi yaliyolala ndani ya jivu la kuni, hata hapa Walikale ninakoishi leo, ninarudi Nyamitaba papo hapo, mutoto wa magoti yenye udongo, kichwa kimevimba kwa kujiona.

Mwaka ule Mama alinikatia kashamba nyuma ya jiko, kadogo, mikeka miwili ingekafunika kote. "Lima weye mwenyewe," akaniambia. "Ukivuna, iko yako kila musimu. Ukikosa, narudisha viazi yangu pale."

Kitu changu mwenyewe! Nyumbani kwetu hata kijiko kilikuwa cha wote. Nililala nikikawaza kashamba kale, nikaamka nikikawaza.

Mbolea nilipewa na jirani yetu Papa Bahati, mufugaji wa ng'ombe. "Ile ya moto acha, itaunguza mbegu," alisema. "Kamata ya chini, ile ilishapoa." Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa nyeusi, laini, inanukia kama udongo wa msituni. Nikaibeba kwa kikapu kichwani, nikitembea kama mama mzima mwenye mashamba yake.

Ikabaki mbegu. Chungu cha Mama cha mbegu kilikuwa na maharagi ya kila namna ndani ya jivu: meusi madogo, ya manjano, meupe, yenye mistari, na mekundu makubwa yanayong'aa. Sokoni wachuuzi waliyatenga kwa rangi, na yale mekundu ndiyo yaliyopendwa. Sisi tulipanda mchanganyiko, nami niliona haya. Nilidhani ni mambo ya watu waliokosa nafasi ya kuchagua. Basi nikakaa kando ya moto, macho yananitoka machozi kwa moshi, nikachambua mekundu tu.

Mama akaniangalia. "Na zile zingine zilikukosea nini?"

"Ziko mubaya, Mama."

"Haya, mukubwa," akanitania, akaniacha.

Yaliota vizuri, jamani! Nilimwita kila aliyepita njiani aje kuyaona. Halafu mvua ikaanza, ile mvua ya kwetu milimani isiyojua kupumzika. Majani yakageuka manjano. Niking'oa shina, mzizi umeoza. Kwenye shamba la Mama mekundu yalikufa vilevile, lakini meusi yalisimama wima, yakaparamia miti tuliyoyachomekea bila wasiwasi. Kwangu yalibaki mashina ya hapa na pale, yale meusi yaliyoniponyoka ndani ya moshi. Nililia, nikajifuta, nikayapalilia kila asubuhi na kuyanyunyizia jivu. Viazi visingerudi pale nikiwa hai.

Nilivuna konzi moja. Nikampelekea Mama, kidevu juu.

"Nimevuna."

"Naona. Na musimu unakuya, utapanda gani?"

"Nyeusi tu! Nyekundu sitaki hata kuziona."

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua konzi yangu, akaimwaga ndani ya chungu chake na kukoroga kwa mkono, maharagi yangu yakapotea kabisa. Ayi! Nilipiga kelele hadi Papa Bahati akaja mbio akidhani nyoka ameingia. Niliona wazi kwamba nimenyang'anywa mavuno na kashamba kwa pamoja.

"Nyamaza basi. Kashamba iko yako," Mama akasema. "Chota mbegu."

Nikachota nimenuna, rangi zote zimejaa kiganjani, nikapanda. Msimu huo mvua ilikatika mapema. Meusi yakanyauka. Mekundu, yale niliyoyatukana, yakajaza maganda, na tukala.

Leo wanaoanza bustani zao hapa Walikale wananijia: "Dada, tupatie ile mbegu muzuri." Ninawapa mchanganyiko, nao wananitazama kama nimewadhulumu. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nilichelewa kumuelewa Mama. Nilidhani hajui kuchagua, kumbe alijua kila punje na tabia yake. Asichojua ni mvua itakayokuja, na hakujifanya anaijua. Na siku ile alipokoroga chungu, aliiingiza konzi yangu katika mbegu ya nyumba nzima. Tangu hapo, kila shamba alilopanda Mama lilikuwa na maharagi yangu ndani yake, na mimi nilikuwa nimelia kwa ajili ya kashamba kamoja tu.