Taa ya injini iliyowaka baada ya kumzika mume wangu

Admin, tafadhali lifiche jina langu, maana ndugu za mume wangu wako humu na wanasoma. Nina miaka arobaini na moja, watoto watatu, na mume wangu alifariki mwaka jana. Naishi Kisumu. Nanunua omena, yaani dagaa wa ziwani, huko Asembo Bay na kuziuza sokoni mjini, na kinachonibebea ni pikapu kuukuu aliyoniachia marehemu. Ndiyo inayotulisha na kulipa karo.

Mume wangu aliipenda hiyo pikapu. Kila asubuhi kabla ya kuiwasha alikuwa akiipapasa dashibodi na kuisalimia, "Oyaore, nyar Japan," yaani umeamkaje, binti wa Japani. Watoto walicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza.

Alipofariki, mdogo wake ndiye aliyeshughulikia kila kitu. Huyu shemeji ni fundi wa magari, ila wakati huo hakuwa na kazi. Nilimpa ufunguo wa pikapu abebe hema, viti na maji ya mazishi. Siku ya mazishi akaja akivuta fahali mwekundu kwa kamba. MC akamtaja kwa maikrofoni, watu wakapiga makofi, mama mkwe akamkumbatia mbele ya wote. Mimi mwenyewe nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru.

Tukirudi Kisumu baada ya matanga, ile taa ya manjano yenye picha ya injini ikawaka. Gari pia lilikuwa likinguruma kwa namna nisiyoizoea, lakini nilidhani ni masikio yangu, kwa sababu siku hizo kila kitu kilisikika vibaya. Nikamwita shemeji. Akaja na kamashine kake, akakachomeka chini ya usukani, akasoma, akabonyeza, taa ikazimika.

"Ni petroli mbaya tu, shem. Usijisumbue."

Nikampikia chai. Baada ya siku chache ikawaka tena, akaja tena. Imekuwa hivyo miezi yote hii. Akija nakaanga samaki, anakalia kiti cha marehemu, tunaongea juu yake. Kusema kweli nilikuwa nafurahi taa ikiwaka, kwa sababu angalau mtu wa damu ya mume wangu angeingia mlangoni.

Mwezi uliopita iliwaka shemeji akiwa safarini Port Victoria. Nikaenda kwa fundi mwingine hapa mjini. Mashine yake ikatoa nambari, P0420. Akajilaza chini ya gari. Kisha nikasikia sauti kutoka huko chini, "Mama, masega yako wapi?"

"Masega gani? Mimi nauza omena."

Akatoka akicheka, akanieleza. Masega ni kile kitu cha thamani kinachokaa ndani ya bomba la moshi na kuusafisha. Watu hukikata wakauza. Kwangu kilikuwa kimekatwa, na mahali pake pamechomelewa kipande cha bomba tupu.

"Nambari inasema hivyo hivyo, mama. Huyo anayekufutia taa anaisoma kila mara. Na itarudi kila mara."

Shemeji aliporudi sikumpikia chai.

"Shem, kaa kwanza tuongee," akaniambia.

"Nimekaa. Masega yalienda wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Ulitaka nije kumzika ndugu yangu mikono mitupu? Wanaume wa kwetu wangenionaje?"

"Kwa hiyo yule fahali..."

"Watu walikula, shem. Hata wewe ulikula."

"Na miezi yote hii unakuja kuizima taa?"

"Kwani gari imekataa kufika Asembo? Si inatembea?"

Angeniambia siku ile, ningempa hayo masega kwa mkono wangu mwenyewe. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa akiisoma ile nambari, kisha ananitazama machoni, anasema petroli, anakunywa chai yangu na kuniuliza kama bado namuota kaka yake.

Sasa Jumamosi hii familia inakutana kwa mama mkwe. Mama ameshasema pikapu apewe shemeji aiendeshe kwa niaba ya watoto, "kwa sababu yeye ndiye anayeujua ugonjwa wake." Shemeji hajakataa. Amenipigia simu kunisihi tu nisimwambie mama: "Utamuua, shem." Na ni kweli mama ana presha. Kila mgeni anayefika bado anasimuliwa habari za fahali yule, jinsi mwanawe mdogo alivyomheshimu mkubwa wake.

Nikisema, nitamharibia mama kitu cha pekee kilichomfariji katika kifo cha mwanawe. Nikinyamaza, Jumamosi jioni nitarudi Kisumu bila ufunguo, na sijui Jumatatu omena zitafikaje sokoni. Mnaonisoma, hasa mliofiwa na waume zenu: mngekuwa mmekaa mahali pangu kwenye kikao hicho, mngesema, au mngeuweka ufunguo mezani na kunyamaza?