Chumba cha Mkunazini Nilichokipeleka Kwenye Chati

Aliyenionyesha chati mara ya kwanza ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na mpaka leo hajaniomba radhi. Majina siandiki, maana mji wetu mdogo na wengine tunasali safu moja. Lakini kazi zao na vitendo vyao nitavitaja, na kila mmoja atajijua.

Mimi ni mshonaji kofia. Skuli niliishia darasa la tano, chuo cha Kurani nilihitimu, na sindano nilipewa na baba yangu kabla sijaota ndevu. Tunakaa Michenzani, lakini kazi nilikuwa nikifanyia Mkunazini, uchochoroni, katika chumba kile kile alichoshonea baba: mlango mmoja, dirisha moja, na kibaraza nje kinachotosha watu wanne wakibanana. Miaka yote nililipa kodi ya mwezi na hakuna aliyenisumbua. Kisha mwenye nyumba, bibi mmoja wa hirimu ya marehemu mama yangu, anakaa Mtoni, akaniita. Akaniambia kuna mtu anakitaka chumba auzie watalii vinyago, na yuko tayari kutoa kilemba. Kilemba kwetu ni fungu la pesa unalompa mwenye nyumba ili akukabidhi chumba, na halirudi. Akasema kwa kuwa mimi ni wa siku nyingi, ananipa mimi kwanza, mpaka Idi Kubwa ipite. Akataja kiasi. Nikamwambia sawa, Bi Mkubwa, nikaaga.

Nilikuwa na thuluthi mbili za kiasi hicho, nilizoziweka kofia kwa kofia. Thuluthi ya tatu sikuwa nayo.

Hapo ndipo shemeji alipoingia. Yeye ni mtu wa mapokezi katika hoteli moja ya Shangani, siku nzima anatazamana na wageni na simu.

"Hiyo iliyobaki utaishona lini?" akaniuliza. "Kofia moja wiki tatu. Idi haikungoji."

"Sasa nifanyeje, nikaibe?"

"Hebu tizama hapa."

Akanionyesha kwenye simu safu ya vijiti vya kijani na vyekundu, vimepanda na kushuka. Akasema kila kijiti kinaitwa mshumaa, na mshumaa mmoja ni siku moja ya bei ya hisa. Kijani bei imepanda, nyekundu imeshuka. Hisa yenyewe ilikuwa ya kampuni ya viatu huko Marekani. Mimi kiatu chao sijapata kukivaa, na yeye pia, lakini alizungumza kama aliyezaliwa kiwandani kwao.

Akanipeleka kwa mwalimu. Huyu ni mkosaji wa pili. Alikodi ukumbi ghorofani Darajani, juu ya duka la vitambaa, anafundisha chati kila Jumamosi. Kijana wa miaka thelathini, kanzu imepigwa pasi ikasimama kama karatasi, harufu ya udi inafika kabla yake. Ada yake ilikuwa bei ya kofia mbili. Mwanafunzi mzee darasani nilikuwa mimi peke yangu. Waliobaki vijana wa chuo kikuu, wana miwani.

Sikatai, alijua kufundisha. Alichora mstari chini ya mishumaa akasema hii ni sakafu, akachora juu akasema hii ni dari, bei inadunda baina yao. Akatufundisha maumbo: kichwa na mabega yake, pembetatu, kikombe na mkono wake wa kushikia. Kila umbo likitokea, bei ina pa kwenda, na kikombe kikitimia inapanda. Akatutolea chati, akatuambia tutafute kikombe. Vijana wanakuna vichwa. Mimi nikaweka kidole.

Akaja akasimama nyuma yangu. "Mzee, umesomea wapi?"

"Chuoni. Na kwenye kofia."

"Mnamwona huyu?" akawaambia wenzangu. "Nyinyi mna digrii na hamkuona. Huyu macho yake yashafunzwa."

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu. Mtu wa miaka hamsini na kitu, nimesifiwa mbele ya watoto, nikashuka ngazi zile siioni ardhi. Hakuna aliyewahi kuniambia nina akili ya skuli. Angenitukana ningepona.

Lazima nieleze kofia, maana ndiko nilikopotelea. Nakshi ya kofia inazunguka. Unaanza upande mmoja wa ukanda, unashona ua, jani, ua, jani, vitobo vidogo kila kimoja kinazungushiwa uzi, mpaka unarudi ulipoanzia, na ua la mwisho linakutana na la mwanzo. Ukishona robo tatu ukasimama, mshonaji mwingine ataiona robo iliyobaki hata kama haijashonwa. Haina njia nyingine ya kwenda. Na mwiko wa kwanza alionifunza baba ni kutokata uzi kabla nakshi haijakutana. Ukikata katikati kofia haivaliki, umepoteza kitambaa na wiki zako. Kwa hivyo mimi nilipoona robo tatu ya kikombe kwenye chati, sikuona bahati nasibu. Niliona kofia ambayo haijamalizika.

Tukawa wafanyabiashara wa hisa wa kibarazani. Soko la Marekani lilikuwa likifunguliwa saa kumi na nusu jioni yetu, na sisi tulikuwa tukitoka alasiri mbio, hata dua ya mwisho hatuisikilizi vizuri. Tunakaa, kahawa inakuja, simu zinatoka. Shemeji akiwa hana zamu yupo. Na wa tatu wetu alikuwa mstaafu wa forodha, jirani wa pale Mkunazini, tukimwita mzee wetu. Huyu ndiye mkosaji wa tatu, na nitafika kwake.

Tabia zetu zilikuwa za kuchukiza. Bei ikipanda kila mtu alikuwa amesema tangu jana. Ikishuka, "inapumua". Mtu akipata anatangaza mpaka kwa muuza kahawa. Akipoteza anasema mtandao ulikuwa mbovu. Tulichora mistari mpaka mishumaa yenyewe haionekani, na mstari ukituambia tutoke tunaufuta tunachora mwingine. Mteja anasimama mlangoni, assalamu alaykum, tunamjibu hatumtizami. Mzee wetu alikuwa ametuwekea adabu moja: asitoke mtu kwa papara. "Mimi nikitoka nitakwambieni," akasema. Basi tukawa tunamngoja yeye, maana kumpita mkubwa hata kwenye hisa tuliona utovu wa adabu.

Mke wangu alituona mapema.

"Kofia ya bwana harusi iko wapi?" akaniuliza siku moja.

"Karibu."

"Karibu na wapi? Ulikuwa ukishona moja wiki tatu. Hii ishaingia ya sita na bado ina upara."

"Nnatafuta chumba, mama."

"Chumba unacho. Unakaa ndani yake unakitafuta kwenye simu."

Mwanzoni nilipata kidogo, mara mbili tatu, na mtu aliyepata kidogo hasikii.

Kisha kikombe kikaja. Hisa ya viatu ilikuwa imeshuka taratibu, ikakaa chini, ikapanda taratibu upande wa pili, ikabaki mkono tu. Kila nikiitazama naona kofia. Mwalimu naye akaiweka kwenye kundi la simu: kikombe safi, hakijawahi kutokea kizuri kama hiki. Nikaweka thuluthi zangu mbili zote. Programu ya simu tuliyonunulia hisa ilikuwa inakukopesha, ukashika mara tano ya ulicho nacho. Nikamuuliza mwalimu kama hiyo si riba. Akaniambia akaunti zetu ni za Kiislamu, nisitie wasiwasi. Nilitaka kuambiwa hivyo, nikaambiwa.

Niseme kweli pia: somo la kwanza kabisa alitufundisha kuweka kikomo, yaani bei ambayo ikifikiwa programu inakutoa yenyewe na jeraha dogo. Niliweka. Siku ya kwanza bei ikapanda kidogo, ya pili ikashuka, ya tatu ikashuka tena ikakisogelea kikomo changu. Nikakiteremsha. Ikashuka, nikakiteremsha. Nikatuma ujumbe kwenye kundi kuuliza. Mwalimu akajibu kwa ujumbe wa sauti, hana haraka: "Ndugu zangu, kikombe hakijavunjika. Huo ni mkono wake unajikunja. Atakayetoka leo atajuta kesho."

Nikamgeukia shemeji. "Wewe unaonaje?"

"Mishumaa miwili tu, shemeji. Miwili tu inageuka."

"Mzee wetu?"

Mstaafu akapuliza kahawa yake. "Subira," akasema. Neno moja.

Nikakifuta kikomo kabisa. Mtu mwingine angesema alikuwa na tamaa. Mimi nilikuwa nakataa kukata uzi. Robo tatu ishashonwa, mkono unajikunja, ua la mwisho liko hapo hapo karibu. Miaka arobaini mikono yangu imekatazwa kukata, nikaja kuipa kazi ambayo yote ni kukata.

Kesho yake kampuni ikatoa taarifa kwamba viatu havikuuzika. Saa kumi na nusu soko likafunguliwa, na mshumaa wa siku ile haukuanza pale ulipoishia wa jana. Ulianza chini kabisa, mwekundu, na baina yao pengo tupu, kama kofia iliyochanwa na panya. Kabla sijamaliza kuelewa, programu ikanitoa yenyewe, maana pesa niliyoweka haikutosha tena kubeba mkopo wake. Kilichobaki kingenunua vitambaa na uzi wa miezi miwili.

Shemeji alikuwa ameweka kidogo, akapoteza kidogo, akawa anatazama viatu vyake. Nikamwangalia mzee wetu. Hakushtuka.

"Wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nilitoka juzi."

"Juzi? Juzi ulikaa hapa hapa ukanywa kahawa yangu."

"Oda ya kuuza niliiweka baada ya adhuhuri, soko lilipofunguliwa ikanitoa yenyewe."

"Si ulisema utatwambia?"

"Hamkuniuliza," akasema. "Mliniuliza naonaje. Sikuulizwa nimefanyaje."

Akamaliza kahawa, akafuta masharubu, akaenda zake kutawadha. Mpaka leo akinipita ananisalimu kwa sauti nzuri, na mimi namjibu, maana salamu haina mjadala. Mwalimu aliniondoa kwenye kundi siku ile ile, akaandika kwamba kuna watu hawana nidhamu ya kikomo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyote, kwa sababu lilikuwa kweli na yeye ndiye aliyetuambia tusitoke.

Idi Kubwa ikapita. Nikaenda Mtoni kwa bibi mwenye nyumba kumrudishia ufunguo. Nilikuta amekaa sebuleni anachambua mchele.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kilemba?"

"Sinacho. Nimekuja na ufunguo."

Akaacha mchele. "Ulikuwa huna kitu kabisa?"

"Nilikuwa na thuluthi mbili. Nimezipoteza."

"Thuluthi mbili." Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Na kwa nini hukuja nazo?"

"Hazikutimia."

"Nani kakwambia zitimie?" Sasa alikuwa amekasirika, na hasira ya mtu mzima wa kike hujui uipokee vipi. "Mimi nilikutajia bei. Mtu akitajiwa bei anafanya nini? Anasema, Bi Mkubwa, punguza. Mimi nasema haipunguki. Anarudi wiki ya pili, analeta na halua. Tunapatana. Nilitaja juu kusudi, nikijua utakuja kuniteremsha. Nusu ningeichukua! Wewe ukasema sawa, ukaaga, nikakaa hapa miezi nikikungoja uje tupatane. Yule wa vinyago yeye kaja mara nne."

"Niliona haya, Bi Mkubwa. Wewe ni mama yangu."

"Mama yako angekupiga kofi."

Nilikaa kwenye mkeka. Sokoni Darajani napatana bei ya fungu la mchicha. Uzi napatana, kitambaa napatana. Kwa mtu aliyenijua nikiwa mtoto, nilidhani heshima ni kukubali. Nikabeba heshima yangu nikaenda kutafuta thuluthi ya tatu kwa Wamarekani.

"Sasa haiwezekani?" nikamuuliza.

"Nishampa neno jana. Neno langu silirudishi." Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pembe ya kanga. Kisha akaita wajukuu walete chai, akarudi kwenye mchele wake.

"Utashonea wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani. Ghorofa ya nne, lakini kuna mwanga."

"Nnataka kofia ya mjukuu wangu mkubwa, anaoa mfungo sita, mwezi wa Maulidi. Ya mkono, nakshi nzito. Kiasi gani?"

Nikamtajia.

"Ghali. Nitakupa nusu."

Nilikuwa nishafungua mdomo niseme sawa, Bi Mkubwa. Nikaufunga. Nikamwambia nusu ni bei ya kofia za mashine za Darajani, akanunue huko. Akasema vidole vyangu vishazeeka. Nikasema uzi nao umepanda. Tulipatana mpaka chai ikapoa.