Harufu Ndani ya Gari la Eudomar

Mimi nikishasema neno, nimesema. Mke wangu amenionya miaka mingi kwamba mdomo huu utaniponza, nami humjibu kwamba mdomo wa fundi ndio duka lake. Leo nasimulia habari za Eudomar Ferrebús, dereva, jirani yangu hapa Maracaibo, na kila nikifika kwenye sehemu yangu naona aibu.

Eudomar ana miaka sitini na miwili na gari refu la bluu la mwaka 1981, ambalo kiyoyozi chake bado kinafanya kazi. Kwa joto letu hiyo ni sifa, na bwana huyu anapenda kujisifu. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikuwa akimpeleka jirani yetu mama Nerva hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimekufa. Ni mwendo wa dakika arobaini. Wanawe wote wako nje; wa mwisho, Osneiro, alikuwa akipeleka vyakula kwa pikipiki huko Chile. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kumpeleka, na akikosa kusafishwa, anakufa. Hakuna kona kona hapo.

Eudomar alilichukua jambo hilo kama kiapo. Siku zile petroli ilikuwa ya kupanga foleni siku mbili, unalala ndani ya gari. Zamu yake ikifika, hakuridhika pampu ilipojikata yenyewe. Alishuka, akashika gari ubavuni, akalitikisa kama mtu anayeshindilia unga kwenye gunia, hewa itoke na petroli iongezeke mpaka ionekane mdomoni mwa tangi. Wote tulifanya hivyo. Lita tatu za ziada ni safari moja ya mama Nerva, ndivyo alivyosema.

Halafu Jumanne moja akaja kwangu.

"Fundi, mama akipanda gari anatapika. Kichwa kinamgonga. Anasema kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya petroli."

Nikacheka. "Eudomar, wewe una madumu mangapi ya petroli chini ya kitanda?"

"Manne."

"Mimi sita. Mji mzima unanuka petroli, yeye anataka anuse waridi?"

Nikafungua boneti, nikainamisha pua kidogo, upepo unavuma. Nilikuwa nimetoka tu kunawa mikono kwa petroli, kama ninavyonawa tangu nina miaka kumi na minne. Sikusikia kitu. Nikafunga boneti. "Gari zima hili. Ni ugonjwa wake. Figo zikifa, sumu inapanda puani. Mwambie azoee."

Nani alinifundisha udaktari? Hakuna. Nilitaka tu kurudi kwenye ndizi zangu za kukaanga zisipoe.

Eudomar akampelekea mama maneno yangu kama yalivyo. Mama Nerva si mtu wa makelele. Alisikiliza, akasema, "Kama fundi amesema ni mimi, basi ni mimi." Jumatano akampigia Osneiro simu, akamuaga. Alhamisi Eudomar alipofika mlangoni, akamwambia arudi zake. Amechoka kutapishwa na mwili wake mwenyewe, afadhali afe kitandani akiwa msafi. Jumamosi akamrudisha tena.

Jumapili asubuhi Eudomar alisimamisha gari mbele ya gereji yangu, hata salamu hakutoa.

"Panda."

"Twende wapi?"

"Hospitali na kurudi. Madirisha tunafunga, kiyoyozi tunawasha, kama anavyopanda yeye. Kama hakuna kitu, nitakuomba radhi mbele ya mtaa."

"Mzee, umechanganyikiwa."

"Na wewe una pua ya kuku. Panda."

Nilipanda kwa hasira, maneno ya kumsuta nimeshayaandaa. Harufu sikusikia, naapa kwa Chinita, Bikira wetu. Lakini dakika ya ishirini paji la uso likaanza kunibana, na tulipofika hospitali nikafungua mlango, nikashuka. Nikashika nguzo, nikatapika. Pua yangu haikujua kitu; tumbo ndilo lililojua.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Kichwa kinaniuma tangu Januari. Nilidhani ni foleni."

Tulirudi madirisha wazi.

Chini ya boneti, karibu na taa ya kushoto, magari yale yana kopo jeusi lenye mkaa ndani. Mvuke wa tangi hupita kwenye mpira mwembamba ukaingia humo, mkaa ukaushika, baadaye injini ikauvuta na kuuchoma. Kopo hilo huwa jepesi kama mkate mkavu. La Eudomar nililitoa kwa mikono miwili, na ndani mkacheza kitu kama maji. Petroli tupu. Kule kutikisa gari kulikuwa kunaisukuma petroli yenyewe kwenye njia ya mvuke. Nikaupaka mpira povu la sabuni, nikapuliza polepole kwa pampu ya baiskeli, viputo vikachomoza penye ufa, vidole vinne tu kutoka kwenye tundu ambalo feni ya kiyoyozi huvutia hewa. Kwa hiyo yale yote aliyomfanyia mama kwa wema, tangi kujazwa pomoni, madirisha kufungwa asipate joto, ndiyo yaliyokuwa yakimlisha sumu.

Nilipomweleza, alikaa chini juu ya tairi.

"Mimi ndiye niliyekuwa namuua."

"Wewe ulikuja kuuliza," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyejibu."

Nikang'oa kopo kavu kwenye gari bovu lililoko uani kwangu, nikaweka mpira mpya, tukapunguza petroli iliyozidi, nikapaka povu tena. Hakikutoka hata kiputo kimoja. Nyani haoni kundule, na mimi kundu langu lilikuwa limenikaa usoni.

Jumatatu asubuhi tulimkuta mama Nerva kitini, miguu imevimba, anapumua kwa shida. Nilivua kofia.

"Mama, haikuwa wewe. Lilikuwa gari. Nilikosea."

Akanitazama. "Ni kweli, au mmenionea huruma tu?"

"Nimetapika mwenyewe, mama. Muulize huyu."

"Hakubakiza kitu," Eudomar akasema.

"Kwa hiyo nimemuaga mwanangu bure." Akanipa simu yake. "Mpigie wewe. Mwambie mjinga ni nani."

Nikatoka nayo barazani. Osneiro alipokea, nyuma yake nasikia mngurumo wa injini. Nikamweleza yote.

"Niko kwenye basi, fundi. Nimeshaingia Peru. Niliuza pikipiki nipate nauli, nije kumzika."

Pikipiki hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyonunua dawa za mama.

"Habari ya pikipiki usimwambie," akasema.

Niliporudi ndani, mama alikuwa ameshasimama, Eudomar amemshika mkono. Viatu vilikuwa vimekataa kuingia, yuko peku.

"Kasemaje?"

"Anakuja, mama."

Hakuwa amemwona kwa miaka mitano. Alicheka huku machozi yanamtoka, akanishika shavu. "Basi nifikisheni upesi, anikute."

Kabla ya kupanda aliingiza kichwa garini, akafumba macho, akanusa. Sisi wawili tulisimama tukimsubiri. "Leo hakuna kitu," akasema. Eudomar hakugusa kiyoyozi. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, na njia nzima mama Nerva alikuwa akinishukuru.