Maji ya Tarehe Tisa Aprili

Juzi, tarehe tisa Aprili, Mfilipino ninayefanya naye kazi aliniambia kwao ni sikukuu, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa vita. Nikamjibu najua. Akashangaa, Mswahili mimi nimejulia wapi?

Nimejulia Flemingdon Park, ndugu yangu, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja, kwenye korido iliyonukia vitunguu saumu vya jirani na samaki wa nazi wa bibi yangu. Jirani alikuwa bibi wa Kifilipino. Wajukuu zake walimwita Lola, yaani bibi kwa lugha yao, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kila tarehe tisa Aprili aliweka nje ya mlango wake glasi ya maji na tonge la wali. Bibi hakujua Kiingereza, Lola hakujua Kiswahili, basi mkalimani nikawa mimi, tena mkalimani mvivu. Nikaeleza: baba yake Lola alitekwa vitani, mateka wakatembezwa siku nyingi juani. Wanakijiji waliwawekea maji kando ya barabara, walinzi wakayapiga mateke.

Bibi akaniambia: "Mwambie na baba yangu alikwenda vita vya Bama, ng'ambo, na jeshi la Keya la Waingereza. Hakurudi. Na siku ya kukumbukwa hana."

Mwaka uliofuata Lola aliweka glasi mbili, ya pili upande wa mlango wetu. Hilo sikulitafsiri, Bibi alielewa mwenyewe.

Sasa mimi na utundu wangu! Lifti imekufa, nimepanda ngazi zote na begi la shule mgongoni, nikainua glasi ya upande wetu nikaimaliza. Mlango wetu ukafunguka, Bibi huyo.

"Umekunywa maji ya baba yangu!"

Lola akatoka kwa kelele zile, akaniuliza bibi kasemaje. Nikatafsiri huku nalia. Akaijaza glasi tena, akanirudishia mkononi.

"Mwambie bibi yako ya kwetu yalimwagwa. Haya angalau yamenywewa."

Bibi alikaa chini pale pale akalia, halafu akacheka. Tangu siku ile, kila mwaka, kuyanywa ikawa kazi yangu.

Wote wawili wametangulia, nami nawakumbuka sana. Ninakokaa sasa koridoni hakunuki kitu, na jirani simjui hata sura. Juzi nilipotoka kazini niliweka glasi mbili nje ya mlango. Jana asubuhi nikazikuta zimejaa vilevile. Nikainua ile ya baba yake Bibi, nikainywa nimesimama, natamani mtu afungue mlango anigombeze.