Breki ya Bunduki

Niliiogopa bunduki kuliko nyati. Kambini kwetu askari wa wanyamapori sikuthubutu kulisema hilo, maana mwanamke wa kwanza kukabidhiwa ile bunduki kubwa ya kuwindia halalamiki. Kazi yetu ilikuwa kuwarudisha mlimani nyati walioshuka Kilimambogo kuingia mashamba ya watu, na kumpiga risasi yule mkorofi aliyekwisha kujeruhi mtu. Kila risasi ilinipiga teke la punda begani, hadi nikaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Nilijua ipo siku nitakosa.

Fundi wa bunduki akanishauri nifunge breki, yaani kipande cha chuma chenye matundu kinachoingia mdomoni mwa mtutu. Kishindo cha mlipuko hutokea pembeni, na teke hupungua. Niliijaribu uwanjani peke yangu, nikacheka kama mtoto. Tulichosahau, mimi na fundi, ni kwamba kazini siko peke yangu.

Kuliani kwangu, karibu tugusane, hutembea mzee mfuata nyayo. Kazi yake ni kusikiliza. Kichakani, ukimwona nyati, basi amekwisha kukufikia. Kabla ya hapo unamsikia tu akipumua. Mzee hawezi kuziba masikio, na mimi siwezi kuingia humo bila masikio yake.

Basi tukaijaribu pamoja. Nilipiga macho wazi, katikati ya ubao.

"Umeona, mzee?" nikamwuliza.

Alikuwa akinitazama midomo. Nikajua hanisikii. Adhuhuri akaanza kusikia tena, akanitania: "Mwiitu wakwa, binti yangu, weka tu hiyo kitu. Mimi niko na masikio mawili."

Siku tatu nililipima jambo hilo. Nikiiacha breki mtutuni, yeye atakuwa kiziwi. Nikiitoa, mimi nitafumba macho. Kosa lolote lingetuua wote wawili. Siku ya nne niliifungua, nikamrudishia fundi.

Wiki hiyohiyo nyati alimpiga mkulima pembe, akajificha kwenye kichaka cha miiba chini ya shamba la mahindi. Tukaingia. Mzee alisimama ghafla, akanyoosha kidole kushoto. Mimi sikusikia hata jani. Nikaelekeza mtutu kilipoelekea kidole, na palepale kichaka kikapasuka. Nikafyatua. Nyati alianguka hatua nne kutoka tulipokuwa.

Hadi leo mzee huwasimulia askari wapya jinsi nilivyomkazia nyati yule macho. Sijawahi kumwambia kwamba nilikuwa nimeyafumba.