Kanzu ya Baba na Masomo ya Posta

Iko Ijumaa moja, mwanangu, haijanitoka kichwani hadi leo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa hapahapa Tabora, najifunza ushonaji kwa njia ya posta. Bahasha zilikuja na treni kutoka Dar es Salaam, ndani yake michoro na maelezo. Nilishona vipande vya majaribio, nikavituma, vikarudi na karatasi yenye wino mwekundu: vizuri sana. Kichwa kikavimba. Vijana wenzangu walikuwa wakishinda barazani kwa Mzee Masudi, fundi wa kanzu, mwaka mzima wakifagia na kukaza vifungo. Niliwacheka waziwazi.

Nikamshonea baba kanzu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini Ijumaa hiyo alipoivaa alisimamisha watu mtaa mzima. "Kashona huyu mwanangu. Hajakanyaga kwa fundi yeyote." Msikitini akakaa safu ya mbele. Tulipokwenda sijida ya kwanza nikasikia kitambaa kinachanika, kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Baba alimaliza sala yake kwa utulivu. Mimi yangu sijui niliimalizaje, nakwambia kweli. Niliapa moyoni kwamba sitashika mkasi tena.

Hakunigombeza. Alinishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Mzee Masudi. Mzee akaigeuza ile kanzu ndani nje, akaitazama mishono kwa muda mrefu.

"Mkono wake mzuri," akamwambia baba, kisha akanigeukia. "Ila kijana, umempima mzee wako amesimama tu. Mtu wa kanzu anasujudu. Bwana, hebu piga magoti hapo."

Akampima baba palepale barazani, magoti chini, mikono mbele. Akanionyesha kile kipande cha kwapani kinachoipa kanzu nafasi. Karatasi zangu hazikukitaja, maana aliyeziandika alikuwa akifundisha mashati ya ofisini. Nami nikamwonyesha namna ya kupanga vipande ili kitambaa kisipotee. Akaguna, akajaribu, na tangu siku ile akawa anapanga hivyo.

Basi nikawa nasoma bahasha asubuhi, mchana nashinda barazani kwake. Cheti nilikipata, na kanzu ya pili baba aliivaa mpaka ikapauka. Maharusi wangapi wa mji huu wameoa ndani ya kanzu zangu? Naringa, ndiyo, niache niringe.

Sasa wewe Zuhura, mjukuu wangu, unasomea ushonaji kwa simu, na alama zako nawatangazia hata wasioniuliza. Lakini jana umeniambia huendi zile wiki mbili za mafunzo ya vitendo chuoni, eti video zimekutosha. Hazijakutosha. Video ni mwalimu mzuri, unairudisha mara kumi na haikasiriki. Mzee Masudi nilipomuuliza kwa nini, alinijibu "tazama" basi. Ila video haikuoni wewe. Haijui kama umeshika mkasi vibaya, na wala haimjui atakayeivaa hiyo nguo. Shika vyote viwili, mwanangu. Nenda chuoni ukakosee mbele ya watu, wakurekebishe, kisha urudi kwenye simu yako na maswali mapya.

Mwenyezi Mungu akupe walimu wa mbali wasiochoka kurudia, na wa karibu wasioona haya kukwambia: fumua.