Alama za Mama Mdogo Furaha

Harufu ya spiriti ndiyo iliyonirudisha utotoni. Nilikuwa katika kliniki moja ya Kakoba, nimempakata binti yangu, nesi akaita, "Wa chanjo, kuja hapa!" Mtoto hakulia. Niliyelia ni mimi, na nesi akanicheka.

Niwaambie kwa nini. Kwetu, kwenye milima ya juu ya Uvira tulikotoka, msichana akivunja ungo alichanjwa tumboni: safu tatu za vinundu chini ya kitovu, vigumu kama punje za mtama. Tate, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa mchanjaji. Pale Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi, tulipooga pamoja nilipenda kuvipapasa vyake, mpaka wenzangu wa shule walipochungulia bafu letu la turubai wakamwita mamba. Tangu hapo nikaanza kumwonea haya.

Mama mdogo Furaha, binti wa mwisho wa Tate, alipotelea vitani. Siku moja wakaja makarani wa kuwaandika waliopotelewa na ndugu, ili watafutwe. Nusu ya darasa letu ilikuwa kwenye foleni. Karani, Mnyankore mpole, mwenyeji wa huko, akamwita bibi kwa lugha yake, akauliza, "Mukaaka, huyo mtoto yako iko na alama gani?"

"Nilimuchanjaka mi mwenyewe, hapa ku tumbo."

"Ah, chanjo! Hiyo kila mtu iko nayo."

Tate akaona hajaeleweka, akaanza kuinua blauzi amwonyeshe. Wenzangu wakakodoa macho. Niliivuta chini kwa mikono miwili nikasema, "Ndiyo, ni chanjo tu." Kwa Tate neno lilikuwa lilelile, akadhani nimemweleza karani. Karani akaandika, akatupa nakala.

Tate hakujua kusoma. Aliihifadhi karatasi ndani ya Biblia, na kila Jumapili tukitoka kanisani alinipa. "Soma fasi ya alama." Penye alama paliandikwa kwa Kiingereza kwamba hakuna. Nami nilisoma, kwa sauti safi ya mtoto wa darasa la tano, "Safu tatu, chini ya kitovu." Akaitikia kwa kichwa, akanimegea muhogo. Niliula.

Tate alifariki akisubiri. Akina Furaha ni wengi, na huenda wetu alipita kwenye orodha fulani pasipo cha kumtofautisha. Kwa miaka mingi nilimlaumu karani. Ni uongo mtupu. Karani aliuliza vizuri, Tate alijibu vizuri, na mtu pekee pale aliyewaelewa wote wawili nilikuwa mimi.